Nani Aliyeitia Tanzanaiti Rangi Yake?

Desemba iliyopita dada mmoja wa klabu yetu alikuja kikaoni amevaa pete aliyozawadiwa siku yake ya kuzaliwa. Kito chake kilikuwa tanzanaiti, na kila aliyepita mezani alimshika mkono akasema neno. Ndipo mwenzetu mmoja, mtoto wa Arusha, akauliza kwa utani: "Kimekatwa wapi?" Kadi iliyokuja na pete ilisema India. Tukacheka. Lakini swali lile lilinikaa kichwani, na hii ndiyo sababu ya makala yangu.

Tanzanaiti inachimbwa kibiashara mahali pamoja tu duniani: vilima vya Mererani wilayani Simanjiro, si mbali na uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Ilijulikana mwaka 1967, na nani aliyeiona kwanza ni hadithi yenye wenyewe wengi. Vitabu vingi vya Kiingereza humtaja Manuel de Souza, fundi cherehani wa Arusha mwenye asili ya Goa, aliyependa kuzunguka porini akitafuta madini. Serikali ya Tanzania inamtambua Jumanne Mhero Ngoma. Mwezi Aprili 2018, Rais Magufuli alipozindua ukuta wa kuzunguka machimbo hayo, alimtaja mzee huyo hadharani na kuahidi kumpa shilingi milioni 100. Ngoma alifariki mwaka uliofuata. Miaka hamsini na ushee ni mingi kwa mtu kungoja shukrani, lakini angalau aliisikia kwa masikio yake.

Mwanzoni wapo waliodhani jiwe hilo ni yakuti samawi. Ugumu wake ukaikana dhana hiyo: katika kipimo cha Mohs yakuti ina 9, jiwe hili lina kati ya 6 na 7. Maabara zikathibitisha kuwa ni zoisiti, madini yaliyokwisha kujulikana Ulaya tangu mwaka 1805 na kupewa jina la mwungwana wa Slovenia, Sigmund Zois. Lililokuwa jipya ni rangi, itokanayo na chembe za vanadi ndani yake. Kampuni ya Tiffany ya New York ilipoanza kuliuza mwaka 1968 ilikwepa jina la zoisiti, kwani masikioni mwa Mwingereza linakaribiana mno na neno la kujiua. Wakaliita kwa jina la nchi lilikotoka. Mwaka 2002 chama cha wafanyabiashara wa vito cha Marekani kikaliingiza katika vito vya mwezi wa Desemba, na ndiyo maana dada yetu akapata pete.

Sasa tufike kwenye rangi yenyewe. Iko hadithi kwamba radi iliwasha nyasi za Mererani, na moto ulipozimika wafugaji wa Kimaasai wakakuta mawe ya kahawia yamegeuka buluu. Mimi naipenda hadithi hiyo ingawa siiamini sana, maana moto wa nyasi hupita haraka. Hata hivyo imegusa jambo la kweli. Mawe mengi ya Mererani hutoka ardhini yakiwa na ukahawia. Wenye biashara huyachoma katika tanuri dogo, kwa joto la nyuzi 500 hadi 600 hivi za Selsiasi, na ule ukahawia hutoweka. Hubaki buluu na zambarau.

Hubaki zote mbili, na hapo ndipo penye kazi ya mkataji. Ukilishika jiwe ambalo halijachomwa na kuligeuza kwenye mwanga, utaona rangi tatu: upande huu buluu, upande ule zambarau, na wa tatu wekundu wa kahawia. Kuchoma huondoa ile ya tatu tu. Mkataji lazima achague ni upande gani utakaokuwa uso wa kito. Umbo la jiwe ghafi kwa kawaida humvuta kwenye zambarau, kwa sababu akilikata hivyo hupoteza kidogo. Akitaka buluu, ambayo wanunuzi wengi huipenda zaidi, mara nyingi hukubali kito kidogo. Na vito huuzwa kwa karati, ambayo ni sehemu ya tano ya gramu.

Akishaamua, hulibandika jiwe kwenye kijiti na kulisaga juu ya sahani ya chuma inayozunguka, yenye vumbi la almasi, huku maji yakitiririka. Kila uso mdogo una pembe yake. Upande wa chini ukiwa bapa mno, mwanga hupenya na kutokea nyuma badala ya kurudi kwenye jicho, na katikati ya kito huonekana kama dirisha. Tena tanzanaiti ina mpasuko wa asili upande mmoja: ukilibonyeza vibaya au likipata joto la ghafla, linapasuka.

Kazi hii kwa sehemu kubwa imefanyika Jaipur, India, mji wenye mafundi waliorithishana ujuzi kwa vizazi. Wanaapolo wa Mererani, kama wachimbaji wanavyoitwa, walibaki na shimo. Mwezi Aprili 1998 mvua iliyajaza mashimo hayo maji, na wengi hawakutoka.

Serikali imejaribu njia kadhaa: kuzuia mawe ghafi makubwa yasitoke nchini, kujenga ukuta wa kilomita 24.5, kununua yenyewe. Mwaka 2020 ilimlipa mchimbaji Saniniu Laizer zaidi ya shilingi bilioni 7 kwa mawe mawili, moja lenye uzito wa kilo 9.27. Habari hiyo ilienea dunia nzima. Kwa maoni yangu habari kubwa zaidi, isiyo na picha za kupendeza, ni kwamba Arusha kuna kituo cha serikali kinachofundisha vijana kukata vito.

Wiki iliyopita nilimwomba dada yetu anionyeshe pete tena. Tukaipeleka dirishani, kwa sababu taa za umeme za manjano huongeza zambarau na hatukutaka kumwonea fundi. Tuliiangalia kwa juu: zambarau. Akaigeuza taratibu mpaka ikalala ubavu, na kwa pembeni, karibu na ukingo wa dhahabu, tukaiona ile buluu.