Barua ya FBI na Albamu ya N.W.A

Mwaka 1988 kundi la N.W.A la California lilitoa albamu ya Straight Outta Compton. Mwaka uliofuata, ofisa wa FBI aliiandikia kampuni iliyoisambaza akilalamika kuwa wimbo mmoja unachochea ukatili dhidi ya polisi. Siitetei lugha ya albamu hiyo, hasa juu ya wanawake. Hoja yangu ni kwamba dola ilishughulikia matusi ikayapuuza malalamiko. Mwaka 1991 video iliwaonyesha polisi wa Los Angeles wakimpiga Rodney King. Walipoachiwa mwaka 1992, jiji liliwaka moto. Mwaka 2017 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza albamu katika hazina ya rekodi za taifa. Heshima ilifika, usikivu ulikuwa umechelewa.