Kiti cha Enzi na Jinsia ya Mungu

Jumapili asubuhi, kuanzia Uvira kufuata barabara ya ziwa Tanganyika hadi Swima na Baraka, sala nyingi huanza kwa jina moja: Baba. Anayeomba anaweza kuwa mchungaji au mama wa kwaya. Mungu anayeitwa ni baba, ni mfalme, ni Bwana wa majeshi. Waumini wengi hudhani mambo yamekuwa hivyo tangu dunia ilipoanza. Wengine husema ndivyo mababu walivyoamini, na wengine kwamba dini yenyewe inafundisha kuwa Mungu ni wa kiume. Historia haiungi mkono dai lolote kati ya hayo. Ninavyoona mimi, uanaume wa Mungu ulitokana na utawala: watu walipoanza kumfikiria Mungu kwa mfano wa mfalme, walimvika pia jinsia ya mfalme.

Tuanze na mafundisho, kwa kuwa hapo jambo ni fupi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, kifungu cha 239, inafundisha kwamba Mungu yuko juu ya tofauti ya mume na mke. Waislamu nao, kwa Sura ya 112 ya Kurani, wanakana kwamba Mungu ana mtoto au mzazi, au kwamba yupo wa kufananishwa naye. Walokole na Wamethodisti wanaoitanguliza Biblia wanalo katazo la Kumbukumbu la Torati sura ya 4, ambapo Musa anawakumbusha Waisraeli kwamba mlimani hawakuona umbo lolote, kwa hiyo wasithubutu kuchonga sanamu ya Mungu, iwe ya mwanamume au ya mwanamke. Hata lugha zetu hazikuleta jambo hili. Mtu anaweza kuzungumza habari za Mungu kutwa nzima, kwa Kiswahili au kwa Kibembe, na sarufi isimdai hata mara moja aseme kama ni wa kiume au wa kike. Mfaransa na Mwarabu hawana nafasi hiyo.

Kama si mafundisho wala lugha, basi ni mababu? Wabembe wa mwambao huu huhesabu ukoo kwa baba, na mahari hutolewa na upande wa mume. Sitaki kuwapamba wazee wa kale kana kwamba waliishi kwa usawa ambao sisi tumeupoteza. Lakini hawakuwa na mfalme mmoja. Mamlaka yalikuwa kwa wazee wa koo na katika Bwami, chama chenye madaraja ambacho Wabembe wanakishiriki na jirani zao Walega. Kwa Walega, mwanamume hakuweza kukamilisha heshima ya daraja la juu kabisa, kindi, bila mkewe kuingizwa naye katika daraja lake. Wabelgiji walikipiga marufuku chama cha Bwami mwaka 1948. Mpangilio wa utawala tunaouona leo katika eneo la Fizi, wenye sekta za Mutambala, Tanganyika, Lulenge na Ngandja, ni kazi ya serikali, haukurithiwa kutoka ufalme wowote wa zamani. Mungu aketiye juu ya kiti cha enzi, akizungukwa na watumishi wanaongoja amri, hakuwa picha iliyotoka katika maisha ya watu wa mwambao huu.

Wapo wasomi wanaosema jibu ni rahisi: jamii inayotawaliwa na wanaume lazima iwe na Mungu mwanamume. Tukivuka ziwa tukaenda Tanzania, hoja hiyo inakwama. Wairaqw wa Mbulu huhesabu ukoo kwa baba kama Wabembe, lakini Mungu wao, Looa, ni mama. Ndiye mwenye jua na mvua, ndiye anayependa haki, na roho za kiume za chemchemi, netlangw, ndizo za kuogopwa. Wamasai, ambao hakuna atakayewashutumu kwa kuwapa wanawake madaraka mengi mno, humwita Mungu Enkai, jina la kike katika lugha yao, na huyo ndiye mwenye mbingu na mvua. Jamii hizi mbili zilitawaliwa na wanaume, ila hazikuwa na mfalme. Mungu wao alifananishwa na mvua inayolisha ng'ombe na mashamba. Sidai kwamba hii ni kanuni isiyovunjika: Wajapani walikuwa na wafalme, na wafalme hao walijitangaza kuwa wazao wa Amaterasu, mungu-jua wa kike. Hata hivyo, katika njia iliyotuletea sisi Biblia na Kurani, kiti cha enzi ndicho kilichoamua.

Ushahidi mzito uko Israeli ya kale, na hapo inafaa tukae kidogo. Mwaka 1975 na 1976 wachimbaji wa mambo ya kale walifukua kituo cha wasafiri katika jangwa la Sinai, mahali paitwapo Kuntillet Ajrud. Walikuta mitungi mikubwa iliyoandikwa kwa wino mwekundu, kazi ya miaka kama 800 kabla ya Kristo. Maandishi hayo yanatoa baraka kwa jina la Yahweh pamoja na Ashera wake. Wataalamu bado wanabishana kama Ashera hapo ni mungu wa kike au ni nguzo yake ya ibada, lakini kwa vyovyote vile jina la kike lilisimama kando ya jina la Mungu katika baraka za watu wa kawaida. Biblia yenyewe haifichi jambo hili. Wafalme wa Pili, sura ya 23, inaeleza jinsi mfalme Yosia, karibu mwaka 622 kabla ya Kristo, alivyoitoa Ashera hekaluni Yerusalemu, akaiteketeza katika bonde la Kidroni na kuisaga ikawa mavumbi. Akabomoa pia vyumba vya ndani ya hekalu ambamo wanawake walikuwa wakimfumia Ashera nguo. Msomaji atazame vizuri nani aliyekuwa akifanya nini. Mfalme ndiye aliyeisafisha dini, na kwa pigo lile lile kazi ya wanawake ndani ya nyumba ya Mungu ikaondoka.

Simlaumu Yosia kwa kutaka Mungu mmoja. Imani ya Mungu mmoja ni urithi wetu. Ninachosema ni kwamba huyo mmoja alielezwa kwa maneno ya ikulu: mfalme, hakimu, jemadari, mwenye agano kama lile mkuu wa dola alilowafungisha wafalme wadogo. Kazi za mungu wa kike hazikupotea, alikabidhiwa huyo Mungu mmoja. Ndiyo maana Isaya 42 inamlinganisha Mungu na mwanamke mwenye utungu wa kuzaa, Isaya 49 na mama anayenyonyesha, na Isaya 66 na mama anayembembeleza mwanawe. Maandiko yaliyahifadhi haya yote. Mimbari ndizo zilizochagua ikulu.

Hapa kwetu picha hiyo ya ikulu ilikuja pamoja na ikulu yenyewe. Mapadri Weupe wa Kardinali Lavigerie walifika Ujiji mwaka 1879, na mwaka 1883 walikuwa wameanzisha misheni ya Kibanga upande huu wa magharibi wa ziwa. Nyuma yao ikaja dola ya Leopold, mfalme wa Wabelgiji, kisha koloni la Wabelgiji mwaka 1908. Mwanakijiji akajifunza kwa wakati mmoja kumwita bwana afisa aliyekuja kuhesabu kodi, bwana mume wake nyumbani, na Bwana aliye mbinguni. Wakoloni hawakuhitaji kufundisha kwa maneno kwamba Mungu ni mwanamume. Maisha ya kila siku yalifundisha, na picha za mzee mwenye ndevu nyeupe zikamalizia. Mzee huyo mwenye nywele nyeupe alitoka katika ndoto ya nabii Danieli, na wachoraji wa Ulaya wakamwongezea ndevu na kumfanya sura rasmi.

Pingamizi kubwa ni la Yesu. Alikuwa mwanamume, na alimwita Mungu Baba, nasi ni nani tubadilishe? Pingamizi hilo ni la haki, wala siwaombi watu waache Sala ya Bwana. Lakini tuhesabu. Katika Marko, Injili ambayo wataalamu wengi huiona ya kwanza kuandikwa, Yesu anamwita Mungu Baba mara 4 tu. Katika Yohana, iliyoandikwa baadaye, ni zaidi ya mara 100. Jina hilo lilizidi kukua midomoni mwa kanisa. Na katika Marko linatokea Gethsemane, kwa mtu anayelia akiomba kikombe kimwondokee. Huyo ni baba wa kukimbiliwa, hakuna amri wala fimbo hapo. Papa Yohane Paulo wa Kwanza hakuona ukinzani wowote aliposema, tarehe 10 Septemba 1978, kwamba Mungu ni baba na zaidi ya hayo ni mama.

Wengine watasema haya ni mambo ya Wazungu wa leo. Wairaqw hawakumsubiri Mzungu, wala nabii Isaya hakumsubiri.

Katika Fizi jambo hili si la wasomi peke yao. Februari 2011 mahakama ya kijeshi iliyoketi Baraka iliwahukumu maofisa na askari kwa ubakaji uliofanyika mjini Fizi siku ya Mwaka Mpya. Akina mama waliosimama kutoa ushahidi pale ni waumini, na wanahitaji kuambiwa kwamba wao pia wameumbwa kwa mfano wa Mungu, kama Mwanzo 1:27 inavyosema wazi kuhusu mume na mke. Daktari Mukwege, anayewatibu wanawake waliobakwa na ambaye pia ni mchungaji, aliwaambia Walutheri waliokutana Windhoek mwaka 2017 kwamba kuufukuza ubabe wa kiume ni kazi ya makanisa. Wahubiri wetu wanaweza kuanza na kitabu walicho nacho mkononi. Luka sura ya 15 ina mifano mitatu: mchungaji atafutaye kondoo, baba ampokeaye mwanawe, na katikati yao mwanamke anayewasha taa na kufagia nyumba akitafuta shilingi yake. Nao wote watatu wanasimama mahali pa Mungu. Anayehubiri sura hiyo asiiruke aya ya 8 hadi ya 10.