Kanda za DAT na diski za CD: namna ya kuhamisha sauti

DAT ni kanda ya sumaku inayohifadhi sauti kidijitali, yaani kwa namba. Sony iliitoa mwaka 1987, miaka mitano baada ya CD kuanza kuuzwa. Kwa umbo ni ndogo kuliko kaseti ya kawaida, na ilipendwa sana na studio na warekodi wa shughuli katika miaka ya 1990. Sony iliacha kutengeneza mashine zake mwaka 2005.

Tofauti ya vipimo

Sauti ya CD hupimwa mara 44,100 kwa sekunde. DAT hutumia 48,000, 44,100 au 32,000. Kanda nyingi zilizorekodiwa kwa maikrofoni ni za 48,000. Namba hizo zikiwekwa kwenye CD bila kubadilishwa, sauti huenda polepole kwa asilimia 8 hivi na kuwa nzito. Bibi akasikika kama mtu mwingine. Programu ya kompyuta hubadilisha kipimo hicho kwanza.

Kizuizi cha kunakili

Mashine za nyumbani ziliwekewa mfumo wa SCMS. Uliruhusu kunakili CD kwenye DAT kidijitali mara moja tu. Nakala ya nakala ilikataliwa. Marekani iliulazimisha kwa sheria mwaka 1992.

Kuhamisha leo

1. Tafuta mashine iliyosafishwa vichwa, uijaribu kwanza kwa kanda isiyo na thamani.
2. Kanda iliyotoka kwenye baridi ya kiyoyozi isichezwe papo hapo penye joto na unyevu, kwani hufanya umande. Iache itulie.
3. Unganisha mashine na kompyuta kwa waya wa dijitali, si wa spika za masikioni.
4. Rekodi kwa kipimo kilekile cha kanda. Kanda ya saa moja huchukua saa moja, na faili la 48,000 hufika karibu megabaiti 700.
5. Sikiliza lote. Mikwaruzo au ukimya wa ghafla ni dalili kuwa kanda imeharibika au vichwa vichafu.
6. Faili hilo ndilo asili. CD itengenezwe kutokana na nakala yake.

CD za kuandikia nazo huharibiwa na joto na mwanga, kwa hiyo zisiwe hifadhi pekee. Weka faili sehemu mbili tofauti, uandike ni sauti ya nani, wapi na lini, wakati wanaoijua wangali hai. Kama nyumbani kuna kanda ya harusi au maulidi, ihamishwe kabla mashine hazijaadimika zaidi.