Tamasha la Utamaduni wa Lamu

Tamasha la Utamaduni wa Lamu ni sherehe ya kila mwaka katika mji mkongwe wa Lamu, pwani ya kaskazini ya Kenya. Kwa kawaida hufanyika Novemba. Mji huo uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001.

Ngoma ndizo roho ya tamasha. Katika kirumbizi, wanaume wawili huingia uwanjani na fimbo, wakitishana na kukwepana kwa mdundo wa ngoma na sauti ya zumari. Goma ni la taratibu zaidi: wanaume waliovaa kanzu na kofia hupanga safu, bakora mkononi, wakiyumba kwa pamoja. Huwapo pia mashairi, bao, hina, ususi wa mikeka na ushonaji wa kofia.

Mashindano ya majahazi na ya punda ndiyo huvuta umati mkubwa zaidi. Punda hukimbizwa kando ya bahari, na si ajabu mmoja akagoma katikati ya njia.

Tamasha hili lisichanganywe na Maulidi ya Lamu, sherehe ya kidini inayofuata kalenda ya Kiislamu na kuadhimishwa hasa katika Msikiti wa Riyadha.