Mbuzi anayedhoofika: Tazama kope kabla ya mbavu

Mfugaji wa mjini aghalabu hutambua kuwa mbuzi wake anaumwa siku anapoziona mbavu. Kufikia siku hiyo mnyama huwa ameugua kwa muda mrefu, na mwenye mali hujikuta akichagua kati ya mambo mawili: kununua dawa kwa kubahatisha, au kumchinja kabla hajawa kibudu. Yote mawili yana hasara.

Kudhoofika si ugonjwa, bali ni dalili. Minyoo, meno yaliyokwisha, lishe duni, kwato zilizooza na maradhi ya kuambukiza, yote humkondesha mbuzi kwa namna inayofanana. Kwa sababu hiyo, ukaguzi hutangulia tiba.

Ukaguzi huanzia machoni. Kope ya chini ikivutwa taratibu, sehemu yake ya ndani hupaswa kuwa nyekundu. Ikiwa imepauka au kuwa nyeupe, mbuzi amepungukiwa damu, na mara nyingi chanzo ni minyoo wafyonzao damu katika tumbo la nne. Uvimbe laini chini ya taya huashiria kuwa hali imekuwa mbaya zaidi. Njia ya kulinganisha rangi ya kope na kadi yenye ngazi tano, ijulikanayo kama FAMACHA, ilibuniwa Afrika Kusini katika miaka ya 1990 ili wapewe dawa wale tu wanaoihitaji.

Dawa ya minyoo hutolewa kwa uzito wa mnyama. Dozi pungufu, hasa inayokadiriwa kwa macho, huua minyoo dhaifu na kuwaacha walio sugu wakizaliana.

Baada ya kope hukaguliwa mdomo. Mbuzi mzima ana meno manane ya mbele, yote katika taya la chini. Yakilegea au kung'oka kwa uzee, hushindwa kukata majani magumu, hivyo huhitaji majani laini yaliyokatwakatwa.

Aidha, joto la mwili hupimwa kwa kipimajoto kinachoingizwa katika njia ya haja kubwa. Kwa kawaida huwa kati ya nyuzi 38.5 na 39.5 za Sentigredi. Kiganja kikiwekwa ubavuni kushoto, tumbo huhisiwa likicheza mara moja au mbili kwa dakika. Lisipocheza, usagaji wa chakula umesimama.

Kosa linalogharimu maisha ya mbuzi wengi hutokana na huruma. Mwenye mali humwona amekonda, akammiminia pumba na mahindi kwa wingi. Nafaka za ghafla huzalisha asidi tumboni na zaweza kumuua. Inafaa aanze na majani mabichi au makavu yaliyo safi, maji na chumvi ya madini, kisha pumba iongezwe kidogo kidogo kwa siku kadhaa.

Mbuzi asiyeweza kusimama huwekewa nyasi kavu za kulalia, akaegemezwa ili alalie kifua, na kugeuzwa upande mara kwa mara. Asinyweshwe kitu kwa nguvu iwapo hawezi kumeza, kwani maji huingia mapafuni.

Homa kali, kikohozi, makamasi mazito, vidonda mdomoni au kuhara kwa mbuzi kadhaa kwa pamoja ni sababu ya kumtenga mgonjwa na kumwita daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Huenda ikawa homa ya mapafu ya mbuzi, au sotoka ya mbuzi na kondoo, iliyothibitishwa nchini Tanzania mwaka 2008. Maradhi yote mawili yana chanjo, lakini chanjo hukinga na wala haimponyi aliyekwisha kuugua.

Kuhusu kisu, tahadhari ni kubwa zaidi. Nyama na maziwa ya mbuzi aliyepewa dawa havipaswi kutumiwa hadi upite muda wa kusubiri ulioandikwa kwenye kibandiko cha dawa husika. Aidha, nyama ya mnyama mgonjwa haistahili kuliwa bila mkaguzi wa nyama kuridhia.

Hata hivyo, wapo mbuzi wasioweza kuokolewa, hasa wazee wasiokula tena. Kwao daktari wa mifugo anaweza kushauri wakatishiwe mateso. Kwa wengine, kukagua kope kila baada ya wiki mbili, hasa wakati wa mvua, humwezesha mfugaji kuliona tatizo lingali dogo.