Mawe na Minara ya Njiani

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya matatu: kaburi, boma, mnara. Tutayatumia leo.

Wengi wenu hupita penye mawe yaliyoandikwa. Zamani mlipita tu, kwa sababu maandishi hayakuwaambia kitu. Sasa mnajua kusoma. Lakini kusoma herufi ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuuliza: Nani ameliweka jiwe hili? Na ni watu gani ambao halikuwataja? Leo tutauliza maswali hayo katika nchi ya Mlima Meru na mjini Arusha.

Kwanza twende Akeri, Umeruni. Hapo pana kaburi la wamisionari wawili, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliotumwa na misheni ya Leipzig ya Ujerumani. Walifika Oktoba 1896 kutafuta mahali pa kujenga. Wakati huo Wajerumani, au Wadachi kama wazee walivyowaita, walikuwa wamekwisha piga vita Uchagani. Kwa hiyo wenyeji waliwaona wageni hawa kuwa watangulizi wa utawala. Usiku mmoja vijana wa Kiarusha na Kimeru waliishambulia kambi yao, wakawaua.

Adhabu ilikuja upesi. Kapteni Johannes alitoka Moshi na askari wake, pamoja na wapiganaji wengi wa Kichaga. Nyumba zilichomwa, migomba ilikatwa, na ng'ombe walichukuliwa. Watu wengi walikufa. Kaburi la Akeri hutaja wawili waliolala ndani yake. Wale wengine hawamo katika maandishi yake. Habari zao tunazipata kwa wazee.

Sasa tuingie mjini Arusha, tulitazame Boma. Jengo hili lilimalizika mwaka 1900. Wajerumani walilijenga ili watawale nchi hii iliyokuwa imepigwa. Wenyeji walilazimishwa kufanya kazi hiyo kwa nguvu, chini ya kiboko. Mwaka huo huo, tarehe 2 Machi, Mangi Meli wa Moshi na viongozi wengine walinyongwa huko Moshi. Leo Boma ni Makumbusho ya Elimu Viumbe, na mtu yeyote anaweza kuingia. Ukifika, tazama kuta zake, ukumbuke mikono iliyobeba mawe yale.

Tukirudi katika barabara ya Moshi tunafika Tengeru. Hapo yapo makaburi ya Wapoland. Watu hawa walitolewa katika nchi yao wakati wa Vita Kuu ya Pili, wakapelekwa Siberia, kisha wakapitia Iran hata kufika Afrika. Kuanzia mwaka 1942 wapata elfu tano walikaa kambini Tengeru, na wengi wao walikuwa wanawake na watoto. Wengine walifia hapa, na misalaba yao ina majina. Kwa hiyo, ndugu zangu, Mlima Meru uliwapokea watu waliofukuzwa kwao. Lakini haikupita miaka kumi, watu wa mlima huo huo nao wakafukuzwa.

Jambo hilo lilitokea Ngare Nanyuki, kaskazini-mashariki ya mlima. Serikali ya Waingereza ilitaka ardhi hiyo iwe ya walowezi wa Kizungu, wafuge ng'ombe. Wameru walikataa kuhama. Novemba 1951 polisi walifika. Nyumba zilichomwa moto, na watu wapata elfu tatu waliondolewa. Walionyeshwa mahali pengine, Kingori, lakini wengi hawakupataka.

Je, Wameru walifanya nini? Hawakushika mikuki kama mwaka 1896. Walishika kalamu. Waliandika malalamiko yao kwa Umoja wa Mataifa, kwa sababu Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja huo. Kisha walichanga fedha, wakamtuma mwenzao, Kirilo Japhet, mpaka New York. Mwaka 1952 yeye na wakili Earle Seaton walisimama mbele ya mataifa wakaeleza shauri lao. Katika Baraza Kuu hawakupata theluthi mbili za kura, na ardhi haikurudishwa wakati huo. Lakini dunia ilisikia. Kirilo aliporudi alitembea nchini akiwaeleza watu mambo aliyoyaona, na shauri la Meru likawa funzo kwa waliodai uhuru.

Mwisho tusimame mjini penye Mnara wa Azimio. Januari 1967 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Arusha ikapitisha Azimio la Arusha, lililotangazwa tarehe 5 Februari. Azimio lilisema juu ya ujamaa na kujitegemea. Mnara huu ni mkubwa, na kila mgeni huuona. Lakini kumbukeni kwamba ukubwa wa mnara si kipimo cha ukubwa wa jambo. Karatasi ya Wameru ilikuwa nyepesi, nayo ilivuka bahari.

Ndugu wanafunzi, jiwe husema maneno ya aliyeliandika. Mengine yamo vichwani mwa wazee, na mzee akifa bila kuulizwa, habari huzikwa pamoja naye. Leo ninyi mnaweza kuziandika.

Sasa jibuni maswali haya pamoja na mwalimu wenu:

1. Kwa nini wenyeji waliwashambulia wamisionari wa Akeri?
2. Boma la Arusha lilijengwa kwa kazi ya nani?
3. Wameru walitumia silaha gani mwaka 1952?
4. Kijijini kwenu kuna jiwe, mti au njia gani yenye historia? Mwulizeni mzee mmoja, kisha andikeni sentensi tano mlizozisikia kwake.

Someni polepole, andikeni vizuri. Kwa herini mpaka somo lijalo.