Msasa: Kutoka Jani Hadi Mashine

Shikeni penseli zenu, tuanze somo.

Wazee husema, mchagua jembe si mkulima. Methali hiyo humsuta mvivu anayekataa kila jembe ili asiende shamba. Ni methali njema. Lakini seremala asiyechagua chombo chake aweza kupoteza akiba ya mwaka mzima kwa siku moja. Leo tutasoma historia ya chombo cha kulainisha mbao, kisha tutaitumia historia hiyo kuamua jambo moja: je, seremala anayefanya kazi nyumbani kwake, huko Mafinga au Tukuyu, anunue mashine ya msasa?

Msasa wa kwanza

Neno msasa lilikuwa jina la mti kabla ya kuwa jina la karatasi. Majani ya msasa yanakwaruza kama ulimi wa ng'ombe. Mchonga kinu au kigoda alipomaliza kazi ya tezo, alichuma majani hayo akasugua mti mpaka ukawa laini. Hakulipa senti. Tena jani lilikuwa na sifa moja ambayo tutaikumbuka baadaye: lilifuata mkono. Penye tundu liliingia, penye pindo lilipinda.

Tezo lenyewe lilikuwa la chuma, na nyanda zetu zilikuwa na wahunzi. Wakinga, katika milima ya Livingstone, walijulikana kwa kufua chuma. Basi msidhani kwamba ufundi wa mbao uliletwa huku kutoka ng'ambo. Ulikuwako, na ulikuwa na vyombo vyake.

Randa na karatasi

Mwaka 1891 wamisionari wa Moraviani walianzisha kituo cha Rungwe. Miaka michache baadaye Wabenediktini walianza kazi Tosamaganga, karibu na Iringa. Majengo yao yalihitaji milango, madirisha na viti, na vijana wa huku wakajifunza kutumia msumeno, patasi na randa. Randa hunyoosha ubao kwa haraka kuliko jani. Lakini randa ya kawaida ina uso ulionyooka, haiwezi kuingia ndani ya pindo.

Karatasi ya msasa nayo ina historia ndefu. Wachina, katika karne ya 13, walibandika mchanga na magamba yaliyopondwa juu ya ngozi kwa gundi. Mwaka 1833, mjini London, John Oakey alianza kutengeneza karatasi ya vioo vilivyosagwa kwa wingi ili kuuza. Mwaka 1891, huko Marekani, Edward Acheson aligundua namna ya kutengeneza mawe makali sana kwa moto wa umeme, na mawe hayo yakaanza kutumika katika karatasi za msasa. Watu wetu walipoiona karatasi hiyo waliipa jina lile lile la jani, kwa kuwa kazi ni ile ile. Tofauti ilikuwa moja tu: jani lilichumwa, karatasi ilinunuliwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 shule ya ufundi ilifunguliwa Ifunda, mahali palipokuwa kambi ya wakimbizi wa Kipolandi wakati wa vita vya pili vya dunia. Vijana kutoka pande nyingi za Tanganyika walijifunza pale useremala na kazi nyingine za mikono.

Misitu na umeme

Wakati huo huo miti mipya ilikuwa ikipandwa. Huko Sao Hill, Mufindi, miti ya majaribio ilianza kupandwa mwaka 1939, na upandaji mkubwa ukafuata katika miaka ya 1960 na 1970. Sehemu kubwa ya miti hiyo ni misindano, ambayo wengi wetu twaiita paina. Mwaka 1976 reli ya TAZARA ilikabidhiwa, nayo ikapita Makambako na Mbeya. Katika miaka ya 1980 njia kuu ya umeme ilivutwa kutoka Kidatu kuja Iringa na Mbeya. Mwaka 2007 Wakala wa Nishati Vijijini ulianza kazi, na umeme ukafika vijiji vingi.

Tazameni jinsi mambo yalivyokutana: mbao ziko karibu, umeme umefika, na watu wanataka vitanda vyenye vichwa vya mapindo na viti vyenye migongo ya duara. Hapo ndipo seremala anapoitazama mashine ya msasa dukani.

Mashine yenyewe

Mashine tunayoisema ina meza ndogo, na katikati ya meza umesimama mche wa duara, kama kigogo cha kuzungushia uzi. Mche huo ni wa mpira, nao umevikwa karatasi ya msasa iliyoviringishwa kama mkono wa shati. Unapowasha, mche huzunguka, na wakati huo huo hupanda na kushuka. Kwa nini upande na kushuka? Kwa sababu ukizunguka mahali pamoja tu, msasa huchakaa mstari mmoja, ubao hupata michirizi, na joto huunguza mti. Kwanza mashine hizi zilikuwa kubwa, za viwandani. Baadaye zikaundwa ndogo za kuwekwa mezani.

Sasa kumbukeni lile jani. Mashine hii imerudisha sifa ya jani: inaingia ndani ya pindo. Lakini haifuati mkono. Wewe ndiwe unayeufuata mche wake.

Namna ya kuchagua

Kwanza, hesabu kazi zako. Chukua daftari, uandike kila kazi uliyoifanya katika miezi mitatu. Kama nyingi ni milango, meza na kabati zilizonyooka, usinunue mashine hii. Noa randa yako. Kama nyingi zina mapindo ya ndani, endelea kusoma.

Pili, pima mapindo. Mche lazima uwe mdogo kuliko pindo. Tuseme pindo la mgongo wa kiti lina nusu kipenyo cha milimita 30. Mche wenye kipenyo cha milimita 75 una nusu kipenyo cha milimita 37 na nusu, hautaingia. Mche wa milimita 50 una nusu kipenyo cha milimita 25, utaingia. Basi uliza mashine inakuja na miche mingapi, na ya vipimo gani.

Tatu, soma kibao kilichobandikwa kwenye mashine. Umeme wetu ni wa volti 230. Mashine iliyotengenezwa kwa soko la Marekani huwa ya volti 120 au pungufu, na ukiichomeka hapa bila kifaa cha kupunguza umeme itaungua. Hapo ndipo faida ya kujua kusoma inapoonekana. Asiyeweza kusoma kibao hicho yumo mikononi mwa muuzaji.

Nne, uliza habari za mikono ya msasa. Paina ina utomvu, na utomvu huziba msasa upesi. Kama mikono ya kubadilisha haipatikani Mbeya wala Iringa mjini, mashine yako itakuwa pambo. Kumbuka pia kwamba namba ya msasa ikiwa kubwa, msasa ni laini zaidi: 80 ni wa kukwaruza, 180 ni wa kumalizia.

Tano, fikiri juu ya vumbi. Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilitangaza kwamba vumbi la mbao huleta saratani kwa binadamu. Mashine hutoa vumbi jembamba kuliko randa. Chagua yenye tundu la kufungia bomba la kuvuta vumbi, vaa barakoa, na usiiweke mashine mahali watoto wanapolala.

Na kama fedha haijatosha? Viringisha karatasi ya msasa juu ya kipande cha mwanzi au bomba linalolingana na pindo, usugue kwa mkono. Utachelewa, lakini kazi itakuwa safi, na hutadaiwa na mtu.

Basi, jani lilitaka mkono tu. Karatasi ilitaka mkono na senti. Mashine yataka mkono, fedha, umeme, vipuri na tahadhari. Kila chombo kipya kiliondoa kazi moja na kuleta deni jingine. Seremala mwenye akili huhesabu pande zote mbili kabla ya kufungua mkoba.

Maswali ya kujibu darasani

1. Neno msasa lilianza kuwa jina la kitu gani?
2. Kwa nini mche wa mashine hupanda na kushuka?
3. Pindo lina nusu kipenyo cha milimita 20. Je, mche wenye kipenyo cha milimita 38 utaingia? Onyesha hesabu yako.
4. Taja chombo kimoja kipya kilichokuja kijijini kwenu. Kiliondoa kazi gani, na kilileta deni gani? Andika sentensi tano.

Kwaherini, na mwalimu asahihishe kazi zenu kabla hamjaondoka.